Tumbo la Chombo

Katika kisiwa cha Okinawa, kilichoko kusini mwa Japani, upo mji mdogo uitwao Kadena, ambao asilimia 82 hivi ya ardhi yake imo ndani ya uzio wa kambi ya ndege za kivita za Marekani, na wenyeji wake, ambao kwa haki ndio wenye mji, wamesongamana katika kile kilichobaki. Ng'ambo ya barabara kuu inayopita kando ya uzio huo pamejengwa kituo cha wasafiri, chenye maduka, na mkahawa, na chumba cha maonyesho ya historia ya mahali hapo, na juu ya paa lake pana roshani ya kutazamia, ambayo mtu akiipanda huziona njia mbili za kurukia ndege zimelala sambamba, kila moja ikiwa na urefu wa karibu mita 3,700. Hapo ndipo wanapokusanyika, tangu asubuhi hata magharibi, watu ambao haja yao ni moja tu: kuzitazama ndege za vita zikiruka na kutua, kuzipiga picha, na kuziandika.

Nieleze kwanza jinsi wanavyoandika, maana katika kazi yao hiyo kuna adabu ambayo haifai kudharauliwa. Mtazamaji mzoefu huja na ngazi fupi ya kukunja, kamera yenye lenzi ndefu kama mkono wa mtu mzima, darubini, redio ndogo ya kunasia maneno ya mnara, na daftari. Daftari limepigwa mistari: saa, aina ya ndege, herufi za mkiani, namba, upande ilikoelekea. Ndege ya kivita ya kambi hii hujulikana kwa herufi mbili, ZZ, zilizoandikwa kwa ukubwa mkiani, na chini yake huwapo AF pamoja na tarakimu mbili za mwaka wa bajeti ambao kwa huo ndege iliagizwa, kisha tarakimu nyingine ambazo ndizo jina lake hasa. Kwa hiyo mwenye kujua kusoma huusoma umri wa chombo kingali kikipita, na mara nyingi hutambua kwamba kile kilichomtetemesha kifua ni kikongwe kuliko kijana anayekiendesha. Upepo ukigeuka, hujua kwamba ndege zitaanza kuruka kwa upande wa pili, akaihamisha ngazi yake mapema. Ngurumo ikitoka mbali, sikio lake humwambia kabla ya jicho kama ajaye ni mbeba mafuta au ni ndege mbili za kivita zilizofuatana. Na lililo kubwa kuliko hayo ni kwamba haandiki asiloliona: wingu likiificha namba, huacha nafasi ile tupu, wala hakisii.

Mtu anayeacha nafasi tupu kwa kuogopa kuandika uongo, hata katika jambo ambalo hakuna atakayemsaili, ameshika sehemu ya ikhlasi ambayo wengi wetu, tuliolelewa katika vyuo na madrasa, tumeipoteza katika mambo makubwa zaidi. Ndiyo sababu siwezi kulipitia jambo lake kwa kebehi, na ndiyo sababu pia swali lake limenikaa moyoni. Mtu aipendaye sura ya chombo kilichoundwa kwa ajili ya kuua, akakitazama siku baada ya siku kwa furaha isiyomdhuru jirani yake, ana dhima gani mbele ya Mungu na mbele ya wanadamu wenziwe kwa kile kilichomo tumboni mwa chombo hicho?

Wako watakaosema kwamba furaha hiyo yenyewe ni haramu, kwa kuwa anayestareheshwa na ala ya mauti ameshiriki katika mauti. Sikubaliani nao. Upanga uliofuliwa vyema hung'aa mkononi mwa dhalimu kama unavyong'aa mkononi mwa mwadilifu, na mwenye kudai kwamba haoni mng'aro wake katika mkono wa kwanza ameongeza uongo juu ya dhuluma. Wako na wengine, nao ndio wengi, watakaosema kwamba hilo ni pumbao kama kukusanya stempu, lisilo na thawabu wala dhambi, na kwamba mtu aachwe na starehe yake. Hao nao siwaungi mkono, na sababu yangu niliipata mbali sana na Okinawa, kabla sijajua kwamba kuna kisiwa cha jina hilo duniani.

Nilipokuwa mtoto, Mombasa, mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa na desturi ya kukaa barazani juu ya Bandari ya Kale kaskazi inapoanza kushika, akingoja vyombo vya Arabuni. Chombo kikiwa bado ni tanga tu kwenye upeo wa bahari, yeye alikwisha kukitaja: lile ni bumu, tazama tezi yake ilivyochongoka kama omo, lile ni sambuku, tezi yake imekatwa bapa, na kikikaribia aliweza kumtaja nahodha wake, na siku kilipotia nanga mwaka uliopita, na kama tangu hapo kimepakwa shahamu upya au kimebadilishwa mlingoti. Mimi nilipewa kazi ya kuandika, kwa penseli, nyuma ya karatasi za kufungia majani ya chai, na nikikosea aina ya chombo mjomba alinifutisha mwenyewe kwa kidole kilicholowa mate. Sijapata kuwa na furaha safi kuliko ile. Siku moja nikamwuliza, "Mjomba, kimebeba nini?" Akanijibu bila kuugeuza uso wake kutoka baharini, "Tende, mwanangu, na chumvi, na papa mkavu, na mazulia." Nikamwuliza amejuaje, na chombo hakijafika.

Akanyamaza kwa muda uliotosha chombo kupindua tanga. Kisha akasema kwamba kwa insafu hakujua. Alichojua ni desturi ya msimu tu. Akasema pia kwamba babu yake yeye, aliyekaa katika baraza ile ile, alikuwa akivihesabu vyombo kwa furaha ile ile, vikirudi na kusi, na kwamba miongoni mwa vile alivyovisifu kwa wepesi wa mwendo vilikuwamo vilivyopakia watu.

"Alijua?" nikamwuliza.

"Alijua baadaye, mwanangu. Na alilolijua baadaye hakuliandika popote."

Mkataba ambao kwa huo Sayyid Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja ulitiwa sahihi mwaka 1873, na tangu hapo biashara ile ikawa ya magendo, ya usiku na ya vijia vya mikoko, hata ikafifia. Lakini kwa mtu aliyekaa barazani hapakuwa na alama. Tanga la chombo chenye pembe na karafuu na tanga la chombo chenye watoto wa Kinyasa waliofungwa ngamani lilijaa upepo kwa namna moja, likapinda kwa uzuri mmoja, na jicho lililokuwa stadi wa kuitambua dhahiri ya chombo halikuwa na habari ya batini yake. Babu yule hakumtia mtu pingu. Hakununua wala hakuuza. Alikuwa na jicho zuri na kumbukumbu njema, naye alikuwa karibu na dhuluma ile kuliko kadhi, kuliko balozi, kuliko manuari za Kiingereza zilizokuwa zikiitafuta baharini. Na aliyoyajua yaliishia katika sifa za mwendo.

Basi na turudi Okinawa. Uwanja wa Kadena ulianzwa na jeshi la Japani katika vita vikuu vya pili, na Wamarekani wakauteka siku ile ile waliyotua ufukweni karibu nao, 1 Aprili 1945. Vita vya kisiwa hicho vilipokwisha mwezi wa Juni walikuwa wamekufa watu wengi mno, hata huko Mabuni, upande wa kusini, yamesimamishwa tangu mwaka 1995 mawe meusi yaliyochorwa majina ya wafu wa pande zote, Wajapani na Wamarekani na Wakorea na wenyeji, ambayo kwa sasa yamepita 240,000, na kila mwaka huongezwa mengine yaliyokuwa yamesahauliwa. Kisiwa kikakaa chini ya Marekani hata 15 Mei 1972, na kambi ikabaki. Mwaka 1968 zililetwa hapo ndege za B-52, zikawa zikiondoka kwenda kumimina mabomu Vietnam na kurudi tumbo likiwa tupu. Na mwenye kutazama kwa makini angeweza kuliona hilo kwa macho, kwa sababu ndege iliyoshiba huikokota njia yote ndipo inyanyuke, na mabawa yake hujipinda, ilhali irudiye hukaa juu ya hewa kama jani. Tarehe 19 Novemba mwaka huo mojawapo ilishindwa kunyanyuka, ikaanguka na kulipuka. Mwaka huo huo ilifika SR-71, nyeusi tupu, yenye kwenda zaidi ya mara tatu ya mwendo wa sauti, na watu wa kisiwa wakaiita Habu, jina la nyoka wao mwenye sumu. Ikawa watu hupanda mlimani kuitazama, mpaka ilipoondolewa mwaka 1990. Jina lile hunistaajabisha. Walioipa ndege jina la nyoka walikuwa wameona uzuri wake na sumu yake kwa mtazamo mmoja, bila kuhitaji falsafa.

Na kabla ya hizo, tarehe 30 Juni 1959, asubuhi, ndege ya F-100 iliyotoka Kadena ilishika moto angani. Rubani akajitoa kwa mwavuli, akasalimika, na ndege ikaangukia nyumba za watu na shule ya msingi ya Miyamori katika mji wa Ishikawa, wakati wanafunzi walipokuwa wakipewa maziwa yao. Wakafa wanafunzi 11 na wakazi 6 wa jirani, na mwanafunzi mwingine akaja kufa miaka kadhaa baadaye kwa taathira ya majeraha yale. Zaidi ya watu 200 wakaumia. Ndege ile nayo ilikuwa na namba mkiani.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake kikuu cha Ihya ameutenga mlango mzima kwa mambo mawili aliyoyafungamanisha: murakaba na muhasaba. Murakaba ni kutazama kwa kudumu, kumtazama mtu nafsi yake akijua kwamba naye anatazamwa. Na muhasaba ni kuitoa hesabu ya kile kilichotazamwa, kama mfanyabiashara anavyokaa jioni na mshirika wake wakapekua faida na hasara. Sisi Waswahili tunalo neno hesabu kutoka shina lile lile, na tunalitumia dukani kila siku bila kukumbuka linakotoka. Kadhalika tumefundishwa tangu utotoni kwamba kila mwanadamu ana malaika wawili waandishi, Rakibu na Atidi, wasiokosa neno wala tendo. Na ninakiri kwamba nilipofikiwa mara ya kwanza na picha ya wale watu wa roshani, wamekaa na daftari zao jua likiwaka, wakiandika kila kiondokacho na kila kirudicho, malaika hao ndio walionijia. Lakini iko tofauti, nayo ndiyo kiini cha haya ninayoyasema. Malaika huandika tendo pamoja na nia yake, dhahiri pamoja na batini. Mtazamaji ana murakaba bila muhasaba: ametazama kwa kudumu, ameandika kwa uaminifu, na jioni analifunga daftari bila kukaa na mshirika yeyote. Hajaulizwa kilichomo tumboni, naye hakujiuliza.

Mtu atasema: atajiulizaje jambo ambalo hana njia ya kulijua? Hoja hii ina uzito, na mimi mwenyewe niliishikilia kwa miaka, mpaka niliposoma habari ya kisiwa kingine. Palma de Mallorca, nchini Hispania, kuna uwanja ambao ndege za watalii na za jeshi huutumia kwa pamoja, na kwenye uzio wake wako watu wa aina ile ile, wenye ngazi zile zile. Januari 2004 mmoja wao aliipiga picha Boeing 737 nyeupe isiyo na jina la shirika, yenye namba N313P, akaihifadhi kama alivyohifadhi nyingine nyingi, kwa kuipenda tu. Tarehe 23 ya mwezi ule ndege hiyo iliondoka Palma ikaenda Skopje, Masedonia, ambako alikuwa amezuiliwa Mjerumani mwenye asili ya Lebanoni, Khaled el-Masri, aliyekamatwa mpakani siku ya mwisho ya mwaka 2003 kwa kudhaniwa kuwa ni mtu mwingine. Akatiwa mikononi mwa maofisa wa ujasusi wa Marekani, akavuliwa nguo, akafungwa macho, akapakiwa, akapelekwa Afghanistan, akakaa gerezani huko hata mwezi wa Mei, ndipo alipotupwa njiani nchini Albania bila neno la radhi. Aliporudi kwao na kusimulia, wengi hawakumsadiki.

Gazeti la kisiwani, Diario de Mallorca, lilipoanza kuifuatilia ndege hiyo mwaka 2005, na waandishi wa nchi nyingine wakafuata, zile picha na zile daftari za watu wa uzioni, pamoja na kumbukumbu za safari za ndege, zilikuwa miongoni mwa nyuzi zilizoshonea ukweli. Na tarehe 13 Desemba 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikahukumu kwamba aliyoyasema mtu yule ndiyo yaliyotokea.

Hapo nilimkumbuka babu wa mjomba. Yule wa Palma naye hakulijua tumbo la chombo alipokuwa akikitazama. Tofauti haikuwa katika maarifa. Tofauti ni kwamba aliandika, akatunza, na ulipofika wakati wa kuulizwa, alichokiandika kikatoka nje. Katika dini yetu ushahidi ni amana, na kuuficha mtu anapoitwa kuutoa ni dhambi ya moyo kabla ya kuwa dhambi ya ulimi. Kwa hiyo naona kwamba mtazamaji amekwisha kuibeba amana hiyo siku alipoandika namba ya kwanza, ijapokuwa alidhani anacheza. Hakufaradhishiwa kuyajua yaliyofichwa. Amefaradhishiwa asiuachie uzuri wa bawa uwe ndio mwisho wa swali, na siku aliye chini ya bawa hilo atakapokuja kudai haki yake, asimwambie kwamba daftari ni la starehe tu.

Serikali nazo zinalijua jambo hili, pengine kuliko watazamaji wenyewe. Novemba 2001, huko Kalamata, Ugiriki, walikamatwa Waingereza 12 na Waholanzi 2 waliokuwa wakiandika namba za ndege, wakahukumiwa Aprili iliyofuata kwa kosa la ujasusi au la kuusaidia, na Novemba 2002 mahakama ya rufani ikawaachia huru. Dini imekataza tajasusi, na haki ya majeshi kuwa na siri zao siikanushi, kwa kuwa siri nyingine hulinda roho za askari ambao nao wana mama zao. Lakini tajasusi niijuayo ni kuchungulia katika nyumba ya mtu. Chombo kilichopita juu ya paa langu, kikanitikisia vikombe na kumwamsha mtoto wangu mchanga, kimeingia chenyewe nyumbani kwangu, wala hakiwezi kunishitaki kwamba nimekitazama.

Watu wa Kadena na miji ya jirani wamelisema hilo mahakamani tangu mwaka 1982, na safari ya nne, mwaka 2022, walalamishi walipita 35,000. Katika kesi tatu za mwanzo mahakama ilikubali kwamba kelele zimewadhuru, ikaamuru walipwe fedha, na kila mara ilikataa kuamuru ndege zisiruke usiku, kwa hoja kwamba serikali ya Japani haina mamlaka ya kuziongoza ndege za Marekani. Mwaka 1996 palifanywa mapatano ya kupunguza safari baina ya saa nne za usiku na saa kumi na mbili za asubuhi, lakini yameachiwa mlango wa mahitaji ya kijeshi, na mlango huo ni mpana. Ndege za F-15 zilizokaa hapo tangu mwaka 1979 ilitangazwa mwaka 2022 kwamba zinaondolewa, na wapenzi wake wakafurika roshanini kuziaga. Sidhani walifanya vibaya. Mtu huaga alichokipenda.

Lakini roshani ile ina pande mbili. Upande mmoja ni kambi, na lenzi zote zimeelekezwa huko. Upande wa pili ni mji: mapaa, kamba za kuanikia nguo, na shule, na ndani ya shule darasa la watoto wadogo ambao mwalimu wao anawasomesha. Ndege inapoondoka, mtazamaji huinamia daftari lake akaandika saa na namba. Na upande wa pili, kwa dakika ile ile, mwalimu ameikatiza sentensi katikati, amesimama na chaki mkononi, na watoto, ambao wamezoea, hawazibi hata masikio, wanamtazama tu usoni wakingoja midomo yake ianze tena kwenda.

Hiyo nayo ina saa yake, na ina namba ya mkiani. Katika lile daftari iko nafasi tupu, pembezoni, baada ya safu ya mwisho.